Bati la Mguu wa Kulia

Wiki niliyorudisha funguo za stoo, vijana wa ofisi ya mifugo pale Kajiado walinifanyia chai na mandazi, wakanipa saa ya ukutani, na mmoja wao akaniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nikamuuliza mambo gani, kwa kuwa ya zamani ni mengi na mengine hayafai kuandikwa. Akasema, "Ya zile pikipiki kubwa, mzee. Tunasikia zilikuwa zinachoma watu." Ni kweli zilikuwa zinachoma watu. Zilichoma na vitu vingine, na hayo ndiyo nitakayoeleza hapa. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili langu, na faili lenyewe ni jembamba, mtu anaweza kulimaliza akisubiri chai ipoe.

Nilikuja Kajiado mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Bungoma aliyesomea afya ya mifugo kwa miaka miwili akapewa cheti. Cheti hakikuniita daktari, lakini wafugaji waliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nami sikuwakatiza. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili Kitengela, ambayo wakati huo ilikuwa barabara ya lami, bucha kadhaa, kanisa la mabati, na kwingine kote udongo mweusi. Kazi yangu ilikuwa kutoa chanjo kwenye friji ya ofisi Kajiado na kuipeleka maboma ya Isinya na Kisaju, na mara mojamoja kuzunguka hadi upande wa barabara ya Magadi. Kifaa cha kazi kilikuwa pikipiki.

Zilikuwa tatu, nyeupe, zimeletwa na wafadhili. Kila moja ilikuwa na silinda moja kubwa kama sufuria ya ugali wa watu sita. Hazikuwa na rejeta wala maji ya kupoza injini. Kilichokuwa kikizipoza ni upepo wa mwendo peke yake, na aliyezichora bila shaka aliishi mahali ambapo upepo ni baridi na barabara hazina ng'ombe. Ukiwa mwendoni ulikuwa mfalme. Ukisimama, joto lote lilipanda taratibu kutoka kwenye injini, likapita kwenye magoti na mapaja, likakufikia usoni ndani ya kofia.

Siku ya kwanza nilivaa suruali ya nailoni, nzuri sana, ambayo mama alininunulia kwa ajili ya kazi mpya. Kabla ya kufika Isinya nilikuta kundi la ng'ombe likivuka barabara. Mchungaji hakuwa na haraka, na ng'ombe walikuwa na haraka ndogo kuliko yake. Nilisimama nikawangoja injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa niliogopa nikiizima itakataa kuwaka mbele ya watu. Nilianza kusikia harufu ya plastiki inayoungua, nikageuka nyuma kuangalia nani anachoma takataka. Nilipoangalia chini, sehemu ya suruali ilikuwa imeyeyuka kwenye bomba la ekzosi na nyingine imeshikana na shavu la mguu wangu wa kulia.

Nilirudi ofisini nikichechemea. Hapo ndipo nilipokutana na Kilonzo, fundi wa ofisi, Mkamba wa makamo aliyewahi kuendesha pikipiki za kusindikiza misafara ya wakubwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo mengi aliyatumia kuitukana injini. Aliutazama mguu, akaitazama pikipiki, akaanza na pikipiki.

"Ulisimama ikiwaka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa nikizima haitashika tena."

"Basi imeshika wewe," akasema, akaenda kuleta maji safi na kitambaa.

Karibu yote ninayoyajua kuhusu joto la injini nilifundishwa na Kilonzo, na nyinyi mnaopewa vipikipiki vya siku hizi mnaweza kuyachukua au kuyaacha. Ukisimama zaidi ya kuhesabu ishirini, zima. Vaa khaki nzito au jinzi, usivae kitu kinachoyeyuka, na gambuti ni kitu kinachoyeyuka. Safiri alfajiri, kazi yako iwe imekwisha saa nne, kisha kaa kivulini na watu uliowaendea mpaka saa kumi. Lowesha leso uifunge shingoni, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Kwenye mchanga usiburute gia ya kwanza kwa ukaidi, shuka usukume, kwa kuwa injini inayofanya kazi kubwa bila upepo inajipika yenyewe. Na kila Jumamosi fungua plagi uitazame ncha yake: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mambo ni sawa, ikiwa nyeupe, injini inapata petroli kidogo na joto jingi.

Kosa la watu wa Kitengela lilikuwa la udongo. Silinda ilizungukwa na vibati vyembamba vya kupitisha upepo, tukiviita mapezi. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi uliingia katikati ya mapezi, jua likitoka ukakauka humo, na injini ikaukamilisha kuwa tofali. Mtu aliendesha akiona injini imekosa nguvu, akailaumu petroli, kumbe ameijengea injini nyumba. Kilonzo alinipa kijiti cha mti mgumu na mswaki wa zamani, akanikalisha chini nizitoe tofali zile moja moja. Siku nyingine nilitaka kumaliza haraka, nikachukua mtungi wa maji nimwagie injini ingali moto. Aliunyakua mtungi kabla sijauinamisha. "Unataka chuma ipasuke? Hiyo silinda ikipasuka utaenda Kisaju na punda."

Alinifundisha pia namna ya kupanda kutoka chini barabara ya Magadi. Ukitoka kule bondeni mchana, injini hufika Kona Baridi ikiwa imechoka kabisa, na kila mtu hutamani kusimama pale juu palipo na upepo, azime, apige picha. Kilonzo alinikataza. Alitaka nipunguze mwendo, niendelee taratibu kilomita mbili tatu kwenye ule ubaridi, injini ijipoze ikitembea, ndipo nisimame. Ukizima injini iliyo moto sana kwa ghafla, oili husimama na joto hubaki mahali pamoja. Sijui kama wanaotengeneza pikipiki wanakubaliana naye. Pikipiki yangu ilikaa miaka tisa.

Mguu haukufuata mafundisho. Ulikuwa ukiungua, unapona nusu, unaungua tena palepale, kwa sababu bomba la ekzosi halikuhama na mguu wangu vilevile. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa na kidonda ambacho mke wangu Rose alikijua kama anavyojua mtoto. Januari moja ya jua kali kupita kawaida, Kilonzo akiwa likizoni kwao Kitui, niliamua kujisaidia. Nilikwenda kwa fundi wa bati wa Kitengela, nikamwelekeza, akanikunjia bati zuri la kuanzia gotini hadi karibu na tairi la nyuma, limepinda kidogo ili hewa moto ya injini isinipige mguuni bali ielekee nyuma. Tulilifunga kwa boliti nne. Niliendesha hadi Kajiado na kurudi, mguu ukakaa baridi kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nilijiona mhandisi.

Sasa inabidi nieleze sanduku. Nyuma ya kiti palikuwa na keria ya chuma, na juu ya keria tulifunga sanduku la barafu lenye chanjo. Mwezi ule tulikuwa tukichanja homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo Wamasai huiita olkipiei na hawapendi kuitaja ng'ombe wakiwa karibu. Chanjo yake ni kitu hai. Ikipata joto inakufa, na ikifa haibadilishi rangi wala harufu, inabaki kwenye chupa ikionekana nzima. Nilizipanga chupa chini kabisa ndani ya sanduku na barafu juu yake, kama tulivyofundishwa, kwa kuwa ubaridi hushuka. Kila nilipofika bomani nilifungua kifuniko, nikaona barafu imo, nikaridhika.

Boma nililolijua vizuri kuliko yote lilikuwa la Mama Naserian, ng'ambo ya Kisaju. Alikuwa mjane aliyekataa kurithiwa na kukataa kuuza, akifuga ng'ombe wapatao hamsini kwa kauli yake mwenyewe. Siku ya chanjo hakumwachia mtu mwingine kazi. Sindano ile siku hizo tuliidunga nchani mwa mkia, na yeye ndiye aliyeshika mikia, mmoja baada ya mwingine, akinikemea kila nilipodunga vibaya.

Jambo la mkia lilikuwa ugomvi wetu wa kila mwaka. Chanjo ikishika, baada ya wiki mbili tatu baadhi ya mikia huvimba, na mmoja mmoja hukatika ncha. Wafugaji hawakupenda. Ng'ombe asiye na kishungi cha mkia hawezi kufukuza nzi, na sokoni watu humcheka. Kwa hiyo kila mwaka, wiki ya tatu, nilipopita kukagua nilipokelewa kwa lawama, na mkia uliovimba niliinuliwa mbele ya pua.

Mwaka ule sikuinuliwa mkia wowote. Nilikagua boma baada ya boma, mikia yote safi. Wanaume waliokuwa wakinipita barabarani bila salamu walisimama kunishika mkono. Mama Naserian alinipa maziwa kwenye kibuyu chake kizuri.

"Mwaka huu uko na mkono mzuri, daktari," alisema. "Hata mkia moja haijafura."

Nami niliamini. Nataka vijana wasome hapa taratibu. Nilikuwa nimesomea kwamba mikia kadhaa ivimbe. Nilikuwa nimewaeleza watu miaka minne mfululizo kwamba uvimbe ni dalili ya dawa kufanya kazi. Na siku niliposifiwa nilisahau yote niliyosomea, nikanywa maziwa, nikafikiri kweli mkono wangu umekuwa mwepesi.

Aliyenizindua ni Rose, na hakujua anafanya hivyo. Jumatatu moja mwishoni mwa Februari nilitoka Kajiado na chupa chache zilizobaki, nikanunua pakiti ya mafuta ya kupikia, yale mazito meupe, nikaitia chini kwenye sanduku la barafu ili isiyeyuke. Jioni Rose alifungua sanduku, akachungulia, akaniita.

"Baba Wafula, siku hizi unanunua mafuta ya maji?"

"Hapana, ni yale yale."

"Basi njoo uone."

Barafu ilikuwa bado ipo juu, vipande vizuri. Chini, pakiti ilikuwa imelainika, mafuta yamekuwa uji na mengine yamevuja kwenye chupa za chanjo. Nilitia mkono nikagusa sakafu ya sanduku. Ilikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye moto muda mfupi uliopita. Nilitoka nje nikaigusa keria, nikautoa mkono haraka. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba nikaanza kuhesabu maboma tangu siku ya bati. Rose aliniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Jumanne asubuhi Kilonzo alikuwa amerudi kazini. Nilimwonyesha bati na keria. Alipanda pikipiki, akaenda hadi Isinya na kurudi, akazima, akaniita niweke mkono chini ya keria. Nikauweka, nikautoa.

"Mguu iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa."

"Ulidhani joto imeenda wapi? Hukuimaliza. Umeihamisha tu."

Niliingia kwa mkubwa wetu nikamweleza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alitikisa kalamu kidogo, kisha akasema hakuna aliyelalamika, kwamba chanjo ingerudiwa mwakani kama kawaida, na tukitangaza sasa wafugaji hawatatuamini tena. "Sahau mambo ya mikia," akasema. "Wewe toa hiyo bati, kisha kaa kimya." Nililitoa. Na nilikaa kimya. Jumanne yenyewe, Jumatano, Alhamisi, nilikaa uani nikichokoa mapezi ya pikipiki ambayo hayakuwa na udongo. Nilijiambia nasubiri amri. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliwaza vile nitakavyosimama mbele ya yule mama nimwambie kwamba niliua dawa yake ili nisiungue mguu, na kila nilipofika hapo kwenye mawazo nilitafuta kitu kingine cha kusafisha.

Ijumaa nilikwenda. Sikuomba ruhusa kwa kuwa ningenyimwa. Nilimkuta Mama Naserian akitengeneza ua wa miiba.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia, akaniangalia vizuri. "Leo huna sanduku."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilieleza injini, bati, upepo, barafu ya juu na chupa za chini. Nilipoona haelewi mambo ya upepo nilimwambia kwa ufupi kwamba nilifunga bati kukinga mguu wangu, moto ukaenda kwenye dawa, dawa ikafa, na ng'ombe wake nimewadunga maji. Ndiyo maana mikia haikuvimba.

Aliliweka chini tawi la mwiba alilokuwa ameshika. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Jumatatu."

Aligeuza uso kuelekea bondeni. Nilifuata macho yake nikaona ng'ombe wengi kuliko wake.

"Shemeji yangu alituma mtu hiyo hiyo Jumatatu," akasema. "Anatoka huko mpakani, hakuna nyasi. Aliuliza kama anaweza kuleta ng'ombe zake. Mimi nilijua huko kuna ile ugonjwa. Nikasema alete, zangu zimedungwa. Jumatano zikaingia." Akaokota tawi la mwiba, akalirudisha kwenye ua. "Ungekuja Jumanne, ningesema hapana."

Tulishuka pamoja bondeni. Ng'ombe wawili wa shemeji walikuwa wakikohoa, shingo wameinyoosha mbele, viwiko wamevitanua kama wafanyavyo wagonjwa wa mapafu. Tulitenganisha makundi siku ileile, lakini yalikuwa yamekunywa maji pamoja kwa siku mbili.

Wakati wa kuondoka aliniambia nirudi Jumapili, saa ya watu kutoka kanisani. Nilirudi nikakuta wanaume wa maboma yote niliyochanja na wake zao, wamevaa nguo za ibada, wamekaa kwenye nyasi pembeni ya kanisa. Mama Naserian alisimama kando yangu.

"Sema vile uliniambia," akasema. "Mimi nitawapelekea kwa Kimasai."

Nilisema. Ilinichukua dakika kama kumi, kwa kuwa kila nilipotaja kosa nililiongezea maelezo. Nilieleza hata ukubwa wa silinda. Nilipomaliza, yeye alifungua mdomo, akasema maneno machache mno, akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi, kumbe amemaliza. Watu waliniangalia. Mzee mmoja alitema mate pembeni na kuondoka. Wengine walianza kuulizana wao kwa wao lini nitaleta dawa nyingine. Miaka baadaye nilimwuliza jirani yake alisema nini siku ile. Akasema, "Alisema, 'Alipika dawa. Amekuja kutuambia.'"

Ofisini niliandikiwa barua ya onyo, iko kwenye faili. Lakini mkubwa alipoona habari imefika kanisani hakuwa na la kuficha, akatoa chanjo mpya. Tulilifunga sanduku kwa namna ya Kilonzo: vipande viwili vya mbao juu ya keria ili hewa ipite katikati, gunia lililoloweshwa juu ya mbao, ndipo sanduku, ndani yake barafu chini na juu na pembeni, chupa katikati, pamoja na kipimajoto nilichokitazama kila niliposimama. Shavu la mguu liliungua kama kawaida. Nilifika kwa Mama Naserian Jumanne jua likichomoza. Alikuwa wa kwanza kukubali, wengine walisimama mbali kuona atafanya nini. Alimshika ng'ombe wa kwanza, mtamba mwekundu, akauweka mkia mkononi mwangu.

"Piga," akasema.

Wiki ya tatu alinitumia mtu, nije mara moja. Nilipanda pikipiki moyo ukiwa mzito, nikiwaza kikohozi. Alinipokea langoni kwa hasira, akanishika mkono wa shati, akanipeleka moja kwa moja kwa yule mtamba, akaniinulia mkia mbele ya pua. Ulikuwa umevimba kama mhogo, ncha imeanza kuwa nyeusi.

"Ona! Ona kazi yako! Hii itakatika. Na ile pale, na ile ya kijivu. Mimi nilikuambia piga pole pole!"

Niliushika mkia ule kwa mikono miwili. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikajifanya ni vumbi. Yeye aliendelea kunitukana kwa Kimasai, kisha akahesabu kwa kidole mikia mingine iliyovimba, akanitaka nihesabu pia ili tulinganishe.

Hawakupona wote. Waliokuwa wameshaambukizwa katika zile siku mbili, sindano haikuwasaidia. Walianza kukohoa Aprili, mvua ilipoanza, na hadi Agosti alikuwa amepoteza kumi na tisa. Nilikwenda kila mara. Nilifungua vifua, nikaonyesha mapafu yaliyogandamana na mbavu, nikasaidia kuchimba mashimo, kazi ambayo haikuwa kwenye orodha ya kazi zangu. Kwa kila aliyekufa Mama Naserian aliniambia alizaliwa na nani na mwaka gani, nami nilisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu tena hata mara moja. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenilaumu.

Kilonzo alistaafu kabla ya mwaka elfu mbili. Zile pikipiki nyeupe ziliuzwa kwa mnada, tukapewa nyingine ndogo, halafu magari. Lile bati sijui liliishia wapi, labda ni sehemu ya banda la kuku la mtu. Nami nilihamishwa huku na huku ndani ya wilaya, nikifundisha wageni wa kazi mambo ya kijiti na mswaki, na kabla ya kufunga chochote kwenye chombo chochote niliwauliza lile swali la Kilonzo kuhusu joto litakwenda wapi.

Miaka minane hivi baada ya mambo hayo nilipita kwa Mama Naserian mchana, bila kazi, kumsalimu tu. Nyumba za mawe zilikuwa zimeanza kutoka Kitengela kumfuata, na mbele ya boma lake palikuwa na uzio wa waya wa ploti ya mtu. Ng'ombe walikuwa wamepungua kwa kukosa nafasi. Mmoja alisimama peke yake kwenye jua, mwekundu, mzee, mbavu zinaonekana, mkia umeishia nusu. Nzi walikuwa wamemjaa mgongoni. Alikuwa akiurusha ule mkia mfupi kushoto na kulia bila kuwafikia.

"Hiyo ni yako," Mama Naserian akasema. "Imezaa mara sita. Watu wanasema niuze kabla haijakufa, nani atanunua ng'ombe haina mkia? Itakufa hapa na uzee yake." Akaingia ndani kuwasha moto.

Nilivunja tawi, nikamwendea yule ng'ombe, nikasimama ubavuni pake nikimfukuzia nzi mpaka nilipoitwa chai.